Samaki wa Zuhura

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Nimepata mwenzangu wa chumbani 😁 [picha]

Mama: Marahaba mwanangu. Mwenzako yupi? Naona maji na majani tu.

Zuhura: Nyuma ya jani, mama. Yule mwekundu, mapezi yake kama shela.

Salum: Huyo ni samaki aina ya beta. Asili yake Thailand na majirani zake, kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga. Yuko peke yake?

Zuhura: Ndiyo, madume wawili wanauana. Huku naishi na kuta tu, nikaona bora nipate wa kumwambia habari ya asubuhi.

Baba Mdogo: Mwenye nyumba anajua? Soma mkataba wako kabla hajakugongea.

Zuhura: Nilimuuliza, amekubali. Mbwa na paka ndiyo hataki.

[Zuhura ametuma video]

Mama: Bibi yenu yuko hapa, anasema mbona kila mara anapanda juu kuvuta hewa? Anahangaika huyo.

Salum: Bibi ana jicho! Samaki wengi wakifanya hivyo ujue hewa imepungua majini. Ila beta ana kiungo chake kichwani cha kupumulia hewa ya juu, lazima apande. Zuhura, usijaze tangi mpaka kwenye mfuniko. Na mfuniko usitoke, anaruka huyo.

Zuhura: Sawa kaka. Sasa shida yangu: tangu juzi maji yana ukungu mweupe. Leo nayamwaga yote, nasugua tangi na chujio kwa sabuni, naanza upya.

Shangazi: Ndivyo mwanangu. Usafi kwanza.

Salum: ZUHURA USIMWAGE

Salum: sabuni hata usiisogeze karibu

Salum: subirini naandika

Baba Mdogo: Haya, leo tunakesha 😂

Salum: Samaki anatoa amonia humohumo anamoishi, na chakula kinachooza kinaongeza. Amonia inaunguza matamvua. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, nayo bado sumu, kisha wengine wanaigeuza hiyo kuwa nitreti, ambayo ni nafuu na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Wengi wao wanakaa kwenye sponji ya chujio. Tangi jipya halina, na huchukua kama wiki 4 hadi 6 kupata wa kutosha. Ukioshea sponji bombani unawaua, maji ya bomba yana klorini, dawa ya kuua vijidudu. Ikizibana, ikamue ndani ya maji uliyotoa kwenye tangi, basi.

Salum: Ukungu kwenye tangi jipya kwa kawaida ni bakteria wa aina nyingine wanaozaliana ovyo. Unapotea wenyewe. Unachopaswa kuogopa ni amonia, na hiyo haionekani kwa macho.

Shangazi: Kumbe mimi nilikuwa naua kiumbe wa watu. Nanyamaza.

Zuhura: 😂 Usinyamaze shangazi. Kaka, nitaijuaje kama haionekani?

Salum: Vipimo vya matone.

Zuhura: Muuzaji alinipa, bado vimo kwenye boksi.

Salum: Vifungue leo. Amonia sifuri, nitraiti sifuri. Zikionekana, badilisha robo mpaka nusu ya maji siku hiyohiyo. Maji mapya yalingane joto na ya zamani, na uyatie dawa ya kuondoa klorini.

Mama: Si yalale tu kwenye ndoo?

Salum: Klorini hutoka hivyo mama, lakini miji mingi hutia kloramini, jamaa yake klorini, na hiyo hailali ikaondoka.

Zuhura: Joto linasoma 21. Tangi lita 20.

Salum: Lita zinatosha. Joto hapana, anataka 24 hadi 28. Tafuta hita yenye kidhibiti, na uizime kabla ya kupunguza maji, ikibaki hewani inapasuka.

Zuhura: Nikija harusini mwezi ujao, jirani atamlisha.

Salum: Hapo ndipo wanapofia! Asiyefuga analisha kwa huruma. Mfungie chakula cha kila siku kwenye karatasi yake, punje mbili tatu, kopo lenyewe lifiche. Siku kadhaa bila kula, samaki mwenye afya anavumilia, bora hivyo kuliko mabaki yanayooza.

Shangazi: Narudi. Akihama huko si amwachie mtoni aende zake?

Salum: Hapana shangazi. Mto wa baridi utamuua, mto wa joto anaweza kuwapelekea wenyeji magonjwa, au akipata jike akazaliana akawasumbua. Nchi nyingi ni kosa kisheria. Kumvusha mpaka nako kuna vibali, kwa hiyo atafute wa kumrithi mapema.

Zuhura: Nimepima. Njano inageuka kijani [picha]

Salum: Njano tupu ndiyo sifuri. Hiyo kijani ni amonia. Toa nusu sasa hivi.

Zuhura: Nachota bombani

Mama: Dawa kwanza Zuhura!!