Ushauri: mwanangu kiziwi anajigonga ukutani, nimpeleke wapi?

Mama wa Kirumba: Wanajukwaa, habari za jioni. Nina mtoto wa kiume wa miaka 11, kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 2. Tangu Januari anavunja vyombo, na akizuiwa hujigonga kichwa ukutani hadi kinavimba. Najua hospitali ya Bugando wanatibu magonjwa ya akili, ila naogopa watampa dawa za usingizi tu.

Mvuvi Mstaafu: Pole, dada. Mtumbwi wetu ulipopinduka tukirudi kutoka Ukerewe, nilikosa usingizi miezi mitatu, na daktari alinihoji saa nzima kabla ya kutaja dawa. Ningekuwa bubu, sijui ningemweleza nini.

Mwalimu Elimu Maalumu: Neno bubu tuliache, mzee wangu. Dada, Bugando nenda kesho, maana kichwa hakingoji, lakini nenda na mkalimani wa lugha ya alama, waulize CHAVITA, chama cha viziwi. Uingereza kuna timu za afya ya akili za watoto viziwi, zenye wataalamu ambao wenyewe ni viziwi, kwa kuwa daktari asiyeelewana na mtoto huishia kutibu zile fujo tu. Je, hapo nyumbani nani anajua alama? Na Januari kulitokea nini?

Mama wa Kirumba: Hakuna anayejua. Januari nilimwondoa shule ya bweni ya viziwi kwa sababu ya nauli. Msinihukumu, mtoto hulelewa na mamaye. Isitoshe, nimeshamlipa nusu mganga wa Sengerema.

Mja wa Mola: Wazazi wa siku hizi mmeacha kusali, ndiyo maana.

Kijana wa Nyakato: Hii ni chai. Mtoto amekaa bweni la viziwi, halafu mama hajui hata alama moja?

Mama wa Kirumba: Ninaijua moja, ingawa sielewi maana yake. Kila jioni husimama mlangoni, akajikwaruza shavu la kushoto mara mbili kwa kidole, kisha akaonyesha njia ya stendi. Nikimletea chakula, anakisukuma na kulia.

Binti wa Alama: Mimi ni kiziwi. Hilo huenda ni jina, mama. Viziwi hupeana majina ya alama, mara nyingi kwa kitu kinachoonekana mwilini. Nadhani anamuulizia mtu.

Mama wa Kirumba: Mwenzake wa kitanda cha juu ana kovu shavuni. Mwalimu, huyo mkalimani anapatikana siku gani? Ya mganga nitajua mwenyewe.