Nimechelewa siku ine kuanza plaketi mpya ya pilili, sasa nifanye aje?

MamaWaBabiri (Kadutu), siku ya posho (Jumamosi) asubui

Jambo benu bote. Naomba munisaidie haraka juu niko na woga sana. Niko na batoto babiri, wa mwisho iko na mwaka moja na nusu, na nakunywaka pilili ya kuzuia mimba tangu miezi tano, ile plaketi ya 28, nyeupe 21 na za maro (kahawia) 7. Zile za maro mi sizikunywaka. Jirani alinambia hazina dawa ndani, ni za kujaza tu, basi nikimaliza nyeupe naacha siku saba, nahesabu kwa vidole, kisha naanza plaketi ingine.

Hii mwezi nilipashwa kuanza siku ya Mungu (Jumapili). Sasa siku ya tano (Ijumaa) nilipanda bato kwenda Goma kutafuta biatu za kuuzisha huku sokoni, nikajua siku ya Mungu asubui niko nyumbani, sikubeba plaketi. Kufika kule mizigo ikachelewa, siku ya kwanza (Jumatatu) hakuna, siku ya pili hakuna, nimerudia Bukavu siku ya ine (Alhamisi) mangaribi. Nilipoingia tu nyumba nikakunywa mbili mara moja juu ya kulipa zenye zilipita, na usiku tukakutana na bwana. Jana nimekunywa moja. Mbele ya safari hatukukutana, nilikuwa kwa siku zangu.

Leo ndio nafikiria nasema, siku ine zote! Nikunywe zile zingine zote pamoja ili nifikie hesabu? Ao niache kabisa ningojee siku zangu? Mama mukwe naye anasemaka pilili zinaunguza kizazi, na mi sitaki mimba sasa, biashara ndio inaanza kusimama, nyumba tumelipa ya miezi tatu tu. Naomba mwenye anajua anijibu.

NyotaYaIbanda

Dada pole. Usikunywe zote pamoja, utatapika bure. Mimi yaliyonipata ni sawa na yako kabisa, nilikuwa natupa zile za maro, siku moja kulikuwa kilio kwetu Walungu nikakaa juma nzima, nikarudia nikaanza plaketi kama kawaida sikuambia mutu. Mutoto wangu wa tatu alitokea pale. Leo iko na miaka ine, namupenda sana, lakini ile mwaka tuliteseka, sitaki uteseke vile. Enda farmasi leo leo uulize ile dawa ya haraka, ya kukunywa kisha kukutana. Usingoje siku ya kwanza.

InfirmiyeWaBagira

Mama wa babiri, nafanya kazi ya planin (kupanga uzazi) tangu miaka tisa, nisikilize vizuri na usiogope, muda bado iko.

Kwanza ile ya leo. Mulikutana siku ya ine usiku. Dawa ya haraka, yenye bantu banaita pilili ya kesho yake, inaweza kusaidia mupaka siku tano, lakini kila siku yenye inapita nguvu yake inapunguka, kwa hiyo leo ni muzuri kuliko kesho na kesho ni muzuri kuliko siku ya kwanza. Uliza ile ya levonorjestreli, miligrami 1.5, iko kinini kimoja ao viwili vya 0.75 vyenye unakunywa pamoja. Ukitapika mbele ya masaa mbili kupita, kunywa ingine. Kisha endelea na plaketi yako leo leo, kinini kimoja kwa siku, saa ileile, na muweke kapoti (kondomu) siku saba kuanzia leo. Kama farmasi inakupa ingine yenye jina la ulipristali, usichanganye na pilili siku hiyohiyo, ile inataka ungoje siku tano mbele ya kuendelea na plaketi, na kapoti siku zote hizo na zingine saba kisha kuendelea. Njia ingine yenye nguvu kupita zote ni munganga akuwekee sterile ya kuivre (kile kitu kidogo cha shaba cha ndani ya kizazi), nayo iko ndani ya siku tano, na inabaki kukulinda miaka mingi. Lakini najua si kila mutu anataka.

Zile mbili zenye ulikunywa pamoja hazina mubaya. Mutu akisahabu moja tunamwambiaka vile, kunywa yenye umesahabu palepale unapokumbuka, ya leo nayo kwa saa yake, hata kama ni mbili siku moja. Lakini kulipa deni ya siku ine kwa kumeza ine haiwezekane. Mwili haujue deni, unajua kama leo kuna dawa ndani ya damu ao hakuna.

Sasa nikuelezee juu ya nini siku ine hizi ni mubaya kuliko siku zingine, maana hapa ndipo bamama bengi banapotea njia. Zile nyeupe ziko na homoni mbili, estrojeni na projestini. Ndio maana banaita pilili ya kuchanganya. Zinafanya yai lisitoke, na zinafanya ute wa pa mulango ya kizazi uwe muzito, mbegu ya mwanaume isipite. Zile siku saba za mapumziko hakuna homoni, damu inatoka kidogo, na ovari, kifuko cha mayai, inaanza kuamuka polepole sawa mutu mwenye banamutingisha usingizini. Ukianza plaketi mpya siku ya nane unairudisha kulala mbele haijasimama. Wewe umeiacha siku kumi na moja. Kwa hiyo kusahabu kinini katikati ya plaketi, kisha wiki mbili za kukunywa vizuri, si kubaya sana, lakini kuchelewesha ya kwanza ni kubaya mara nyingi. Bamama banafikiri ni kinyume, banasema plaketi haijaanza basi sijasahabu kitu.

Na zile za maro, jirani wako alisema ukweli nusu. Homoni haina kweli. Plaketi nyingi zenye tunagawa huku, sawa Microgynon ya 28, ile ya maro iko na madini ya chuma, inasaidia damu kidogo. Lakini kazi yake kubwa ni kukushika mukono siku saba usipoteze hesabu. Ungekuwa unakunywa za maro, siku ya tano ungeweka plaketi ndani ya valizi juu ungejua kinini cha siku ya posho kiko bado, na plaketi mpya ungekumbuka kuibeba. Vidole si vya kuamini wakati mutu iko bandarini anapigania mizigo.

Baba_Mapacha

Niseme kidogo sisi banaume, maana pilili banaachiaka bibi peke yake. Kwetu tulikubaliana, telefone yangu ndio iko na sonri ya saa mbili usiku, kisha ya chakula, inalia naye anakunywa mbele yangu. Na plaketi moja mpya inakaa daima ndani ya mufuko ya safari pamoja na karte ya muchaguzi, haitokake pale. Tangu pale hatujapoteza hata siku moja, na mapacha betu biko na miaka sita sasa. Mama, ambia bwana wako ukweli wa hizi siku ine. Kapoti ya siku saba inahitaji naye aelewe juu ya nini, asifikiri ni maneno mengine.

Mama_Mukubwa_Panzi

Batoto bangu, mi niko mutu muzima, nimezaa tisa. Sisemi kwa ubaya. Sisi tuliambiwa zile kinini zinakusanyikana ndani ya tumbo, siku moja zinakuwa sawa jiwe, ndio maana bengine bakiacha habazai tena. Na niliona mwenyewe mutoto wa dada yangu, alikunywa miaka mbili, kisha akakaa bila mimba. Si ni vizuri kuhesabu siku na kuheshimiana ndani ya nyumba?

InfirmiyeWaBagira

Shikamoo mama. Nakujibu kwa heshima juu najua bengi banalala na hiyo wasiwasi, hata humu kuna bale banasoma bila kuandika.

Kinini kinayeyuka ndani ya tumbo sawa kinini cha malaria, dawa inaingia kwa damu, ini linaivunja, inatoka kwa mukojo na choo. Ndani ya siku mbili tatu imepunguka sana. Na angalia mama, kama zingekuwa zinakusanyikana tumboni, huyu mutoto wetu wa Kadutu asingekuwa na shida leo, angekuwa na dawa ya miezi tano yote ndani yake inamulinda. Shida yake imetoka kwa sababu hazikusanyikane. Ndio maana ni kila siku.

Mwenye anaacha pilili anaweza kubeba mimba mwezi uleule. Yule mutoto wa dada yako, pole sana kwake, muambie aende kupimwa, yeye na bwana wake bote babiri, maana kukosa mutoto kuko na sababu nyingi, kuna maambukizo ya zamani yenye hayakutibiwa, na mara nyingi shida iko kwa mwanaume na mwanamuke ndiye anabeba lawama. Kuhesabu siku kunafaa kwa mwenye siku zake haziyumbe na nyumba yenye munasikilizana. Kwa mwenye ametoka kuzaa ama ananyonyesha na siku hazijatulia, ni hatari.

Furaha_K

Mimi niko Goma, naomba niulizie hapohapo. Niko na miaka 36, munganga alipima tansio (presha ya damu) akakuta 15 juu ya 10, akakatala kunipa pilili, nikaona sawa ananinyima tu juu sikuwa na bwana pale. Ni kweli haifai?

InfirmiyeWaBagira

Alifanya vizuri, hata kama angepaswa kukuelezea. Estrojeni inaweza kupandisha tansio na kuongeza hatari ya damu kuganda. Kuanzia 14 juu ya 9 tunakatala ya kuchanganya. Vilevile mwenye kichwa kinamuuma na mbele yake anaona mwangaza ya kupepesa, mwenye alishapata damu kuganda ndani ya muguu ao mapafu, mwenye ugonjwa ya ini, mwenye anavuta sigara na amepita miaka 35. Mama mwenye ananyonyesha mutoto hajafikisha miezi sita, tunamupa njia zenye hazina estrojeni. Kwako wewe implanti ya mukono (kijiti cha chini ya ngozi) ao sterile zinafaa. Sindano ya miezi tatu mbele ya kuchagua waangalie tansio tena.

Na juu ya bwana, haikukuwa sababu ya kukunyima. Hata kwa balioolewa, sheria ya afya ya Congo ya mwezi wa 12, 2018 inataka bibi na bwana bapatane, lakini bakikosana juu ya njia, mapenzi ya mwenye njia itatumika kwa mwili wake ndiyo inapita.

Nisisahabu, kama unakunywa rifampisine ya kifua kikuu ao dawa fulani za kifafa, zinavunja nguvu ya pilili, sema kwa munganga mbele. Dawa za malaria hazina neno. Na pilili haizuie SIDA.

MamaWaBabiri (Kadutu), siku ya posho mangaribi

Aksanti sana sana. Nimetembea farmasi tatu. Ya kwanza hakuna. Ya pili kijana aliniangalia sawa nimeiba kitu, akaniuliza bwana wangu anajua, nikatoka. Kama nisingepata ningefanya aje mama infirmiye? Ya tatu kule karibu na Nyawera mama moja alinipa bila maneno, hata akanipa maji. Nimekunywa saa kumi. Nasikia kichefuchefu lakini sijatapika.

InfirmiyeWaBagira

Pole kwa ile ya pili, hiyo maswali si kazi yake. Masaa mbili yakishapita uko sawa, kichefuchefu kitaisha kesho. Kama ungekosa kabisa, zile nyeupe za plaketi zenye ziko na levonorjestreli mikrogrami 150 na etinilestradioli 30 zinaweza kutumika, ine palepale na ine ingine kisha masaa 12, lakini nguvu yake iko chini na zinatapisha zaidi, ndio maana nilikutuma farmasi kwanza. Na ungehitaji plaketi ingine ya kuendelea.

Sasa fanya hivi: kinini cha leo usiku ukunywe, kapoti mupaka siku ya posho ijayo, na kisha juma tatu kuanzia ile siku ya ine fanya teste ya mukojo, hata kama damu imetoka kidogo katikati. Hii mara za maro zote saba uzikunywe.

MamaWaBabiri (Kadutu), kisha juma tatu

Narudia kusema. Jana siku ya ine nimefanya teste pa santre, haiko mimba. Leo niko kwa kinini cha tatu cha maro na damu imekuja asubui. Bwana nilimuelezea yote ile usiku, alikasirika kidogo juu ya kapoti, kisha akasoma maneno ya Baba_Mapacha kwa telefone yangu akanyamaza. Ni yeye ameweka sonri. Mama mukwe bado hajui na nadhani nitamuambia polepole. Plaketi mpya inaanza siku ya tatu, iko tayari ndani ya mufuko ya safari, juu siku ya pili usiku napanda bato tena.