Kozi ya amani iwe lazima vyuo vikuu? Mimi nasema tuanze na mlango wa kuingilia

Wakuu, kuna hoja inarudi kila panapotokea vurugu mahali, kwamba dawa ni elimu ya juu. Watu wakisoma wataelimika, wakielimika hawatauana, kwa hiyo kila mwanachuo awe anasoma uhandisi, udaktari au uhasibu apitishwe kwenye kozi ya lazima ya amani na utatuzi wa migogoro, afanye mtihani, apewe maksi, basi. Wanaoitetea wanapenda kutaja yale maneno ya katiba ya UNESCO ya mwaka 1945, kwamba vita huanzia kwenye fikra za watu na humo humo ndimo ulinzi wa amani unatakiwa ujengwe. Maneno mazuri, nayakubali kabisa. Ila kozi ya lazima siiafiki, na naomba mnisome mpaka mwisho ndio mnishambulie.

Kwanza tukubaliane na jambo gumu: digrii haijawahi kumzuia mtu kuwa katili. Januari 20, 1942 pale Wannsee, Berlin, walikaa wanaume 15, vigogo wa utawala wa Hitler, kupanga namna ya kuratibu mauaji ya Wayahudi wa Ulaya nzima, na zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada ya uzamivu. Hawakuwa wahuni wa vichochoroni, walikuwa wasomi, wengi wao wanasheria. Njooni karibu zaidi, Rwanda. Ferdinand Nahimana alikuwa mwalimu wa historia chuo kikuu, na ni mmoja wa waanzilishi wa RTLM, ile redio iliyokuwa inawaita Watutsi mende na kutaja watu kwa majina mwaka 1994 wakati mauaji yanaendelea. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003, rufaa ya 2007 ikakishusha mpaka miaka 30. Sasa huyu mtu kazi yake ilikuwa nini? Kupima ushahidi! Kusoma maandishi ya zamani na kusema hili ni kweli, hili ni porojo. Mkiniambia mtu wa namna hiyo alipungukiwa kozi moja ya muhula mmoja mimi nitakataa, na sidhani kama kuna mtu hapa anaamini hivyo akikaa akatafakari.

Ndio maana nasema chuo hakileti amani kwa kile kinachofundisha kuhusu amani. Kinaleta amani, au kinaleta vita, kwa namna chenyewe kinavyoendeshwa. Nani anaingia, kwa vigezo gani, wanakaaje humo ndani, wakigombana nani anasikilizwa.

Hapo kwenye nani anaingia naomba nikae kidogo maana watu wanapita haraka sana. Angalieni Sri Lanka. Vijana wa Kitamil, jamii ya walio wachache kule, hasa wa Jaffna kaskazini mwa nchi, walikuwa wanafanya vizuri kwenye mitihani na kuchukua nafasi nyingi za udaktari na uhandisi kuliko idadi yao kwenye nchi. Mwaka 1971 serikali ikaanza mfumo wa kusawazisha alama. Kwa kusoma udaktari mwanafunzi aliyefanya mtihani kwa Kitamil alitakiwa apate 250 kati ya 400, aliyefanya kwa Kisinhala, lugha ya walio wengi, 229 zinamtosha. Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya kijana wa miaka 19 ana 245, amekesha miaka miwili, jirani yake ana 230 anaenda kuwa daktari yeye anabaki nyumbani. Utamwambia nini? Utampa kozi ya utatuzi wa migogoro? Hata chuo chenyewe hajafika! Vijana wakaanza kujikusanya, na ndani ya miaka hiyo hiyo ya sabini makundi ya silaha yakazaliwa. Vita kamili ikaanza 1983, ikaisha 2009. Simaanishi kwamba alama 21 ndizo zilizoleta vita ya miaka 26, kulikuwa na suala la lugha ya taifa, ardhi, mauaji ya huku na huku. Lakini ukisoma habari za kizazi kile, suala la udahili wa chuo halikosekani, kwasababu ndipo kijana alipoona kwa macho yake, kwa namba, kwamba nchi imemhesabu pungufu.

Na nisionekane napinga upendeleo wa makusudi kwa walioachwa nyuma, hapana. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja ya kweli, watoto wa Kisinhala wa vijijini walikuwa na shule mbovu, hazina maabara, hazina walimu wa sayansi, sasa ukiwashindanisha na wa shule kongwe za Jaffna unategemea nini. Baadae mwaka 1974 waliingiza mgao wa kiwilaya, na hata baadhi ya wilaya za Watamil zilizokuwa nyuma zikafaidika. Tofauti ni kubwa sana kati ya kumwambia mtu "wilaya yako haina maabara tunakuongezea nafasi" na kumwambia "lugha yako inakupunguzia alama". La kwanza mtu analalamika na kulielewa. La pili analibeba moyoni mpaka anazeeka nalo.

Kwa hiyo kabla hatujaongeza kozi naomba kila chuo kitoe hadharani nani amedahiliwa, kwa alama ngapi, kwa kigezo gani. Mkopo nani kapata nani kakosa na kwanini. Hiyo ndiyo elimu ya amani ya kwanza na haihitaji lecha.

La pili ni humo ndani. Hapa natoa kisa nilichokiona mwenyewe, chuo sikitaji. Tulikuwa na uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, kambi mbili, na mnajua zilivyogawanyika, sera hakuna, ni huyu wa kwetu na yule wa kwao. Matokeo yakachelewa, usiku taa zikazimika, mara mawe, mara madirisha, kijana mmoja akavunjwa jino. Kesho yake kila bweni lina historia yake kamili, na zote mbili zinaanza na "walianza wao". Uongozi ukafanya uongozi unavyojua, ukabandika tangazo la onyo, ukaleta mgeni akatoa mada ya amani ukumbini, tukapiga makofi, tukarudi mabwenini tukiwa na chuki ile ile. Nakumbuka niliyekaa nae pale ukumbini alikuwa anaandika majina ya watu wa kambi ya pili kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari.

Ila tulikuwa na mwalimu mmoja wa mbinu za utafiti, mama mmoja mpole sana sauti yake ya chini. Darasani kwake walikuwemo wawili waliorushiana mawe usiku ule, mmoja nilikuwa nalala nae chumba kimoja. Akawapa asaimenti moja, yao wawili tu. Waandike kilichotokea usiku ule, karatasi moja, majina mawili. Kila sentensi wakubaliane wote, na pembeni ya kila sentensi waandike nani aliliona hilo kwa macho. Wasipokubaliana waache mistari wazi.

Wiki ya kwanza walileta sentensi moja. "Taa zilizimika saa nne na dakika kumi usiku." Hiyo tu, kwasababu wote wawili walikuwa wameangalia simu. Wiki ya pili wakakwama kwenye nani alirusha jiwe la kwanza. Mwenzangu akarudi chumbani amefura, akaanza kuzunguka kuuliza watu bwenini kwetu, wewe uliona? Wewe je? Kumbe aliyeona hakuna, kila mtu kaambiwa na mwingine pale kwenye korido. Alikaa kitandani kimya muda mrefu, viatu hajavua. Na kule bweni la pili mwenzie alikuwa anakutana na kitu hicho hicho.

Mimi hapo ndipo nilipoelewa chuo kinaweza kufanya nini ambacho mahali pa ibada na mkutano wa hadhara haviwezi. Kukukalisha na mtu unayemchukia mbele ya swali ambalo lazima lijibiwe kwa ushahidi. Wako waliofanya hivi kwa mambo makubwa kuliko jino la mtu. Sami Adwan wa Chuo Kikuu cha Bethlehem na Dan Bar-On wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, waliwakusanya walimu wa Kipalestina na wa Kiisraeli wakaandaa kitabu cha historia, upande mmoja wa ukurasa masimulizi ya Waisraeli, upande mwingine ya Wapalestina, na katikati nafasi tupu mwanafunzi aandike mwenyewe. Kitabu hicho hakikuleta amani na mnajua hali ya kule, siwezi kuwadanganya. Lakini nionyesheni njia nyingine ambayo mtoto wa upande mmoja atasoma maneno ya upande wa pili yakiwa yameandikwa na wenyewe, sio yamesimuliwa na adui yao. Ufaransa na Ujerumani waliopigana vita tatu kubwa ndani ya miaka 70 wamefika mahali pa kutoa kitabu kimoja cha historia kwa shule za nchi zote mbili, juzuu ya kwanza ilitoka 2006. Sio kozi ya kupendana hiyo, ni kukubaliana nini kilitokea.

Nawasilisha, karibuni.

---

Nimerudi, nimesoma michango yote, najibu michache.

Kuna mdau kasema kwa mifano yangu ya Wannsee na Nahimana ina maana elimu ya juu haina faida, bora tuache. Hapana mkuu, hujanielewa. Ujerumani ile ile, chuo kikuu cha Munich, Februari 18, 1943 Sophie Scholl na kaka yake Hans walikamatwa humo humo chuoni wakisambaza vipeperushi vya kupinga utawala wa Hitler, na Februari 22 wakauawa. Sophie alikuwa na miaka 21. Kurt Huber, profesa wa falsafa aliyekuwa pamoja nao na aliyeandika kipeperushi cha mwisho, aliuawa Julai mwaka huo. Na chuo chenyewe kilifanya nini? Kilimvua shahada yake ya uzamivu. Soma hapo taratibu. Wanafunzi na mwalimu walikuwa na akili ya kuhoji, taasisi ikachagua upande wa muuaji. Ndio maana mimi nang'ang'ania uendeshaji wa taasisi, maana mtu mmoja mmoja mwenye dhamira atapatikana siku zote, swali ni chuo kitamlinda au kitamkabidhi.

Mwingine kasema shida ni ajira tu, msomi asiye na kazi ndiye anaechukua bunduki, mengine ni siasa. Nakubali nusu. Ni kweli ukitoa wahitimu maelfu kila mwaka na kuwaahidi maisha ambayo hayapo unalimbikiza hasira. Ila angalia Peru. Abimael Guzmán aliyeongoza Sendero Luminoso, kundi la waasi wa kikomunisti, alikuwa na kazi, alikuwa mwalimu wa falsafa chuo kikuu cha Ayacucho, mkoa maskini kweli kweli, na alijenga kundi lake humo humo kwa wanafunzi waliotoka vijijini kwenda kusomea ualimu. Mwaka 1980 wakaanza kwa kuchoma masanduku ya kura, na tume ya ukweli baadae ilikadiria vita ile iliua au kupoteza watu karibu 69,000, ukijumlisha na waliouawa na jeshi. Umaskini ulikuwepo ndio, lakini kulikuwa pia na darasa ambalo jibu lilikuwa moja tu na anayeuliza anaonekana msaliti. Ajira ingepunguza wafuasi. Lile darasa lingebaki.

Alafu kuna dada ameuliza kwa upole kabisa, mbona Umoja wa Mataifa ulianzisha Chuo Kikuu cha Amani kule Costa Rica mwaka 1980, na Bradford Uingereza wana idara ya masomo ya amani tangu 1973, hao nao wamekosea? Hawajakosea dada yangu na nashukuru umelileta. Mtu aliyechagua mwenyewe kubobea kwenye usuluhishi, akasoma mikataba inavyoandikwa, wapiganaji wanavyorudishwa uraiani, huyo tunamhitaji sana tena ni wachache. Ninachokataa ni kumlazimisha wa uhandisi akariri tofauti ya amani hasi (yaani kutokuwepo vita tu) na amani chanya ya Johan Galtung, yule mtafiti wa amani wa Norway, usiku mmoja kabla ya mtihani, kwa madesa ya mwaka jana, alafu chuo kijitangaze kimetimiza wajibu huku bodi yake ya udahili inafanya kazi gizani. Galtung mwenyewe aliposema amani chanya alimaanisha kuondoa dhuluma iliyojengwa ndani ya mifumo. Udahili ni mfumo. Mkopo ni mfumo. Kama kuna mtetezi wa kozi ya lazima anayeweza kunionyesha chuo chake kiliwapa wanafunzi wa kozi hiyo orodha ya udahili wachambue kwenye asaimenti, hapo nitabadili msimamo leo hii.

Wa mwisho, umeuliza wale wawili waliishia wapi. Walimaliza, iliwachukua wiki sita, karatasi ikawa kurasa mbili na kitu, na mistari mitupu kama minne hivi katikati ambayo haikujazwa mpaka mwisho. Walipata 14 kati ya 20. Mwenzangu alilalamika sana kwasababu aya ya mwisho walikuwa wamekubaliana wote bila ubishi, tena ndiyo aya pekee waliyoiandika kwa siku moja, kwamba fujo ilizidi kwasababu mlinzi alichelewa kufika. Mwalimu kaizungushia kwa peni nyekundu akaandika pembeni, "Nani aliona?" Jioni ile nikawaona wawili wale wanashuka pamoja kuelekea getini, kwenda kumtafuta mlinzi.