Mchunga, mlenda, dagaa: mtu anavizoeaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, kuna mboga ukiletewa mara ya kwanza unaisukuma sahani. Wapishi wa humu, mnaipikaje hadi mgeni aombe nyongeza? Anzeni na mchunga.

Bi Mnazi: Mchunga wa kuanzia usiwe uliotoa maua, huo ni nyongo tupu. Chuma majani machanga, osha, katakata, chemsha kwenye maji ya chumvi dakika 5, mwaga maji, kamua kwa mkono. Mafungu 2 kwa nazi 1. Bandika tui jepesi na kitunguu na nyanya, mboga iivie humo. Tui zito litie mwisho huku unakoroga, likianza kutokota epua. Likichemka sana linakatika, mafuta juu maji chini, na uchungu unakosa wa kuufunika. Anayeanza mchanganyie mchicha mafungu 2 kwa 1 la mchunga, kisha punguza mchicha kidogo kidogo.

Kibabu: Ukikamua hivyo unakula makapi. Uchungu ndio mchunga wenyewe.

Bi Mnazi: Babu, tunamfundisha anayeanza. Wewe kunywa hayo maji.

Wa Dodoma: Kwenye mlenda watu wanakosea magadi. Sufuria ya watu 4, robo kijiko cha chai inatosha, na uyaloweke kwanza mchanga utuame. Ukizidisha, kijani kinapendeza ila unakula sabuni. Anayechukia utelezi mtilie karanga za kusagwa vijiko 3 vya chakula. Na ugali uwe mgumu! Ugali laini na mlenda ni kuteleza juu ya kuteleza.

Pwani2: Hapo kwenye ugali nakuunga mkono.

Jiko la Mkaa: Bamia ioshe nzima, ikauke kabisa, ndipo ukate. Moto mkali, usifunike, nyanya au ndimu itangulie.

Fasta: Mbona mnajitesa? Kisamvu nakikatakata kama sukuma wiki, nafunika dakika 10. Kikiwa kichungu unazoea tu.

Wa Dodoma: HAPANA. Huo si uchungu wa kuzoea, majani ya muhogo yana sianidi. Twanga kwenye kinu hadi yalainike, jani likipasuka ndipo sumu inaachia. Halafu chemsha sufuria ikiwa wazi, mvuke utoke. Nusu saa ni kidogo, wengi wanapitisha saa nzima.

Fasta: Wa kwetu ni muhogo mtamu.

Jiko la Mkaa: Utamu uko kwenye kiazi, ndugu. Majani yake bado yana sumu. Nenda kanunue kinu.

Pwani2: Dakika 10, jamani 😂

Mama Wawili: Tuacheni kisamvu. Mtoto akikataa mboga mara 3 msimwandike kwamba haipendi. Wengi wanahitaji kuonja mara 8 hadi 15, kijiko kimoja, bila fimbo wala soda ya kuhonga.

Kibabu: Fimbo inafupisha hiyo hesabu.

Mama Wawili: Inamfundisha kuficha tonge shavuni, babu.

Mleta mada: Na dagaa wa Mwanza?

Jiko la Mkaa: Ng'oa vichwa na matumbo, uchungu uko humo. Loweka maji ya moto mara 2 au 3, na kila mara INUA dagaa kwa mkono, mchanga ubaki chini. Watu wanamimina bakuli zima kwenye chujio, mchanga unawarudia. Kausha, ndipo ukaange.

Mleta mada: Asanteni, mchunga na mchicha uko jikoni. Kibabu, maji yako nimeyaweka kwenye chupa.