Bebi klasi: nusu siku au siku nzima?

Mama_Bweyogerere: Mtoto wa miaka 3 na miezi 2 anaanza bebi klasi Februari. Shule ina ratiba mbili: kutoka saa 6:30 mchana, au saa 10 jioni. Wazazi wote wawili wanafanya kazi mjini Kampala, dada wa kazi yupo nyumbani, gari la shule lipo. Ipi inafaa?

Mwalimu_wa_nasari: Mama, anza kuhesabu usingizi, masomo baadaye. Umri huo unahitaji masaa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2019. Gari likipita saa 12:15 asubuhi, ataamshwa saa 11:30. Hata akilala lisaa limoja shuleni, lazima usiku awe usingizini saa 2 ndipo yafike masaa kumi na nusu. Na jioni Barabara ya Jinja ikiwa na jamu, anashuka saa 12:30 akiwa hoi, hajaoga wala hajala. Maadamu dada yupo, chukua nusu siku: atakula nyumbani na kulala kitandani kwake.

Baba_Pacha_Mukono: Kweli kabisa, ila ulizia gari kwanza. Shule yenye gari moja mara nyingi huwaweka wadogo wakisubiri mpaka wakubwa watoke saa 10, na hiyo nusu siku inabaki kwenye karatasi tu. Kuna safari ya mchana? Mtoto ni wa ngapi kuchukuliwa? Mara nyingi anayepandishwa wa kwanza ndiye anayeshushwa wa mwisho.

Mama_Bweyogerere: Asanteni sana. Na dada akiondoka katikati ya muhula?

Mwalimu_wa_nasari: Uliza sasa kama mnaweza kuhamia siku nzima na ada itaongezeka kiasi gani, jibu liwe la maandishi. Kisha pita shuleni saa 8 mchana, ukaone kwa macho yako. Watoto wamelala kwenye magodoro, au wameinamia meza? Wa mezani hawalali, wanasinzia tu, na jioni ni kilio. Uji wa saa 4 haumfikishi mtoto saa 10, chakula cha mchana lazima kiwepo.

Baba_Pacha_Mukono: Kama sasa analala saa 3:30 usiku, usingoje wiki ya kufungua shule. Kuanzia katikati ya Januari mrudishe nyuma dakika 15 kila baada ya siku 3. Siku 18 zinatosha kumfikisha saa 2. Asubuhi nayo mwamshe mapema vivyo hivyo, la sivyo usiku atabaki macho tu kitandani.