Wagonjwa walipungua, vifo vikaongezeka: daftari langu la korona limekosea wapi?

Mwalimu_Kisauni:

Assalaam aleikum, na kwa wengine hamjambo nyote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, nipo Kisauni, Mombasa. Siku Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya, tarehe 13 Machi 2020, nilichukua daftari la kurasa 200 nikaanza kuandika. Mke wangu alinipigia safu kwa rula: sampuli zilizopimwa, waliopatikana na virusi, waliopona, waliofariki. Kila alasiri nilikaa na redio na kalamu. Niliandika tulipofungiwa mji kuanzia Aprili hadi Julai mwaka ule, nikaandika ndugu zetu wa Mji wa Kale walipozuiwa hata kutoka mtaani kwao mwezi wa Mei. Wimbi la kwanza, la pili, la tatu, yote ninayo.

Nimerudi kwenye daftari kwa sababu ya binti wa marehemu kaka yangu. Kaka alikuwa fundi cherehani Nairobi. Alianza kukohoa Jumatatu ya Pasaka, 5 Aprili 2021, akafariki Jumapili ya 25 Aprili, katikati ya Ramadhani. Nairobi na kaunti nne jirani zilikuwa zimefungwa tangu 26 Machi, hakuna kuingia wala kutoka. Mazishi ya kaka yangu niliyaona kwenye simu, picha ikikatikakatika, mpaka leo sijui ni nani aliyeshuka kaburini kumpokea.

Binti yake sasa yuko sekondari na amefundishwa grafu. Ameniuliza: "Ami, mbona baba alifariki wakati redio inasema wimbi linashuka?" Nikachora. Kweli, mstari wa wagonjwa unateremka tangu mwanzoni mwa Aprili, lakini wa vifo bado uko juu, kuna siku unaruka ghafla kama mbuzi. Mstari wa wagonjwa wenyewe umejaa meno ya msumeno. Je, nilinakili vibaya? Nataka kumjibu mtoto jibu la kweli.

Fundi_Maabara:

Pole sana Mwalimu, Mungu amrehemu kaka. Daftari lako halijakosea. Nilikuwa kwenye maabara ya PCR, kile kipimo cha kutafuta virusi kwenye ute wa puani, miaka yote miwili, ngoja nikuambie tarakimu zile zilitoka wapi.

Sampuli zilikuja kutoka kaunti mbalimbali ndani ya makasha ya barafu. Nakumbuka kasha moja lililofika barafu yote imeyeyuka, majina kwenye vichupa yamefutika kwa maji, yanasomeka matatu tu. Wengine wote ilibidi wachokonolewe pua upya. Kuna wiki kemikali za kupimia ziliisha, vichupa vikarundikana kwenye friji, na zilipofika tukapima mchana na usiku. Wewe kwenye redio ulisikia "leo wagonjwa wameongezeka", kumbe walikuwa wagonjwa wa wiki iliyopita.

Meno ya msumeno nayo, angalia siku zake. Naamini Jumatatu nyingi ziko chini. Jumapili waliopimwa walikuwa wachache, na tangazo la Jumatatu lilibeba vipimo vya Jumapili. Usichore siku moja moja. Chukua siku 7, jumlisha, gawa kwa 7, sogea siku moja, rudia. Meno yataondoka ubaki na mgongo wa wimbi.

Halafu usitazame idadi ya wagonjwa peke yake, uipime na safu yako ya sampuli. Wagonjwa 500 kati ya sampuli 2,500 ni asilimia 20. Wagonjwa 500 kati ya sampuli 5,000 ni asilimia 10. Redio itataja 500 zote mbili, na hali si moja hata kidogo. Asilimia hiyo ndiyo waliyokuwa wakiiita "kiwango cha maambukizi". Jina hilo liliwapotosha wengi, wakadhani asilimia 20 ya Wakenya wanaumwa, na maana yake ni asilimia 20 ya waliopimwa. Mwezi Januari 2021 ilikuwa imeshuka hadi kama 2. Rais Uhuru Kenyatta alipofunga zile kaunti tano mwezi Machi ilikuwa imefika 22. Mwalimu, kutoka 2 hadi 22 kwa muda wa miezi miwili, huo ndio mpando wenyewe.

Mwalimu_Kisauni:

Ahsante kijana wangu. Jumatatu ni kweli, nimezikagua. Lakini kama watu karibu wote walikuwa hawajachanjwa, wimbi lilishukaje? Lilikosa nguvu lenyewe?

Fundi_Maabara:

Wimbi hupanda pale kila mgonjwa anapoambukiza zaidi ya mtu mmoja, kwa wastani. Wakiwa 10 wanaambukiza 15, hao 15 wanaambukiza 22, ndivyo linavyopaa. Wastani ukishuka chini ya mmoja linaanza kuteremka, hata kama virusi havijabadilika chochote. Kufunga kaunti, baa na makongamano kulipunguza kukutana. Hofu nayo ilipunguza, watu walijifungia wenyewe wakisikia vilio jirani.

Sababu nyingine hatukuiona kwa macho. Watafiti wa Kemri, taasisi ya utafiti wa tiba Kenya, pale Kilifi na wenzao walipima damu ya wachangiaji nchini wakitafuta kingamwili, yaani kinga inayobaki damuni mtu akishaambukizwa. Mapema mwaka 2021 karibu nusu ya wachangiaji walikuwa nazo, na wakati huo waliothibitishwa na maabara nchi nzima hawakufika hata 150,000. Kwa hiyo wimbi la kweli lilikuwa kubwa mno kuliko la redio. Sisi tuliona povu la juu. Virusi vilikuwa vinazidi kukutana na watu waliokwisha kuugua, wengine bila kujua.

Sista_wa_Zamu:

Shikamoo Mwalimu. Poleni kwa kaka. Mimi ni muuguzi, na swali la binti naona liko upande wangu zaidi.

Sisi wodini tulikuwa nyuma ya redio kila mara. Mtu akiambukizwa leo, dalili huja baada ya kama siku 5. Anakunywa maji ya limau, anajifukiza, anasubiri. Akibanwa na pumzi inakaribia wiki moja au siku 10 za kuumwa, ndipo anapoletwa. Akizidiwa, anaweza kupigana wiki mbili nyingine. Wale tuliowapoteza mwishoni mwa Aprili waliambukizwa mwishoni mwa Machi, wakati wimbi liko kileleni. Redio ilikuwa inasema ukweli kuhusu waliokuwa wanaambukizwa Aprili. Kaka yako alikuwa wa Machi.

Nitakwambia nililoliona. Mzee mmoja aliingia anatembea mwenyewe, anaongea na simu, ananiomba chai. Nikambana kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kikasoma asilimia 84. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 kwenda juu. Hakuwa anahisi kama anakufa, ndiyo maana alikuwa amekaa nyumbani siku nane. Ugonjwa huu uliwadanganya watu hivyo, na siwalaumu.

Mimi wimbi nililipima kwa mitungi ya oksijeni ya korido. Mgonjwa wa lita 15 kwa dakika humaliza mtungi mkubwa kabla ya zamu ya usiku kwisha. Mwanzoni mwa Aprili mitungi ilipangwa ukutani mpaka machela hazipiti. Nilijua tumeanza kupumua usiku mmoja nilipoiona sakafu ya korido kutoka mlango hadi mlango, na siku hiyo redio ilikuwa imetangaza kupungua tangu wiki kama tatu nyuma.

Kuhusu vifo kuruka kama mbuzi: rudia matangazo yenyewe kama uliyaandika kwa maneno. Kuna siku walisema vifo kadhaa ni vya tarehe mbalimbali, vimepatikana baada ya kukagua rekodi za vituo vya afya. Hao hawakufa siku hiyo. Mafaili yao ndiyo yalifikiwa siku hiyo.

MzawaWaTanga:

Mwalimu, pole. Mimi niko Tanga, nimesoma uzi huu kwa uchungu na kwa wivu kidogo, nisamehe. Kwetu takwimu zilisimama mapema Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo hata ungekuwa na daftari ungeandika nini?

Tulilifuata wimbi kwa masikio. Februari 2021 vipaza sauti vya misikiti vilitangaza misiba mpaka ukawa unahesabu kwa vidole asubuhi. Sokoni tangawizi na limau vilipanda bei, mitaa ikanuka mikaratusi ya kujifukizia. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, chama chake kilikuwa kimesema wazi ana korona, akafariki 17 Februari. Kwa wengine wote tuliambiwa ni nimonia, au changamoto ya kupumua. Namba zilirudi baada ya Rais Samia kushika uongozi, naye akachanjwa hadharani 28 Julai 2021.

Mama yangu mzazi alifariki Februari ile. Binti yangu akiniuliza bibi alikuwa upande gani wa wimbi, wa kupanda au wa kushuka, sina mstari wa kumwonyesha. Daftari hilo lihifadhi vizuri, piga picha kila ukurasa.

Mwalimu_Kisauni:

Sista, marahaba mwanangu. Mzawa, Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Nimeanza kupiga picha kurasa.

Nimefanya mlivyosema. Nimechora upya kwa wastani wa siku 7, wagonjwa kwa penseli ya buluu na vifo kwa nyekundu. Mstari mwekundu una umbo la ule wa buluu, umechelewa tu, na mabega yake ni mapana zaidi. Nilichora nyekundu kwenye karatasi nyembamba ya kunakilia nikaisukuma kushoto juu ya buluu taratibu, mpaka vilele vikakaribia kulaliana. Miruko miwili mikubwa ya vifo nimeikuta pembeni nimeandika kwa mkono wangu "rekodi za nyuma". Nilikuwa nimesahau kabisa.

Kisha nikahesabu kutoka Jumatatu ya Pasaka kurudi nyuma siku 5. Nikaangukia Jumatano, 31 Machi. Siku hiyo nakumbuka nilimpigia kaka. Alikuwa dukani, cherehani ikisikika nyuma ya sauti yake, akaniambia wateja wa kanzu za Idi wamekuja mapema mwaka huu kwa sababu wanaogopa kufungiwa zaidi, wamejaa mpaka nje, na barakoa inamtoa jasho machoni hawezi kuona tundu la sindano.

Binti anakuja likizo wiki ijayo. Nitampa grafu na karatasi ya kunakilia aisukume mwenyewe. Ukurasa wa 31 Machi nimeukunja pembe.