Tupeane uzoefu: imani za wanafunzi na kazi za vikundi

Mwalimu, Jinja
Walimu wenzangu, poleni na kazi. Tangu mtaala mpya wa sekondari uanze hapa Uganda mwaka 2020, kazi za darasani zinabeba asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, kwa hiyo mtoto akitengwa kwenye kikundi anaumia hadi kwenye cheti.

Niliwapa S.2 (kidato cha pili) mradi wa ufugaji. Kikundi kimoja cha watu sita kilipiga kura, wanne kwa wawili, kikachagua nguruwe. Wale wawili ni binti wa Kiislamu na mvulana Msabato. Hawakuniambia neno. Siku ya kukagua madaftari nikakuta kwenye zamu za kulisha majina yao yamekatwa kwa wino mwekundu, pembeni imeandikwa "wavivu". Nilikuwa tayari nimeshika kalamu niwape sifuri. Nikamwita binti kwanza. Akainamisha kichwa: "Mwalimu, nilikuwa nakuja kila siku. Nasimama nje ya uzio, nawahesabia debe za pumba."

Maneno hayo yaliniuma, maana kosa lilikuwa langu. Sasa kabla ya kugawa vikundi kila mmoja ananiandikia kwenye kikaratasi: siku gani hawezi, na kitu gani hawezi kushika wala kula. Kura inakuja baadaye. Ninyi mnafanyaje?

Mwalimu, Kasese
Kwetu shida ni Jumamosi. Vikundi vinapenda kukutana siku hiyo, na Sabato inaanza Ijumaa jua likizama. Wanafunzi Wasabato waliwahi kukishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa kuwekewa mitihani Jumamosi, wakashindwa hadi Mahakama ya Juu mwaka 2006. Sawa, chuo kizima ni kigumu kukihamisha. Lakini watoto watano wenye bango la manila? Wangu wanakutana Jumapili alasiri, wenzao wakishatoka kanisani.

Mwalimu, Arua
Ijumaa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane siweki mawasilisho. Basi.

Mwalimu, Kampala
Mimi nina wanafunzi 94 darasa moja. Vikaratasi 94 nitavisoma lini, ndugu zangu?

Mwalimu, Mbale
Dada wa Kampala, waachie viongozi wa vikundi wakusanye, wewe usome vile vyenye shida tu. Hapana, nimekosea: viongozi wasivione. Mtoto wa Shahidi wa Yehova darasani kwangu alichekwa wiki nzima baada ya mwenzake kutangaza kwa nini haimbi wimbo wa taifa kwenye igizo letu. Visome mwenyewe, hata kumi kwa siku. Na tusiulize dini, tuulize ratiba na kazi. Huku tuna Wasabato, na Abayudaya wa Nabugoye, Wayahudi wa huku kwetu, nao wanashika Jumamosi. Jibu ni lile lile, sina haja ya kujua nani ni nani.

Mwalimu, Bombo
Na mapishi ya vitendo mwezi wa Ramadhani? Waliofunga wanakosa alama za kuonja.

Mwalimu, Jinja
Mwalimu wa Bombo, mwenzake aonje aseme chumvi imezidi au haijafika; aliyefunga aandike na aamue kirekebishwe nini. Alama nampa kwa uamuzi wake. Yule binti wangu sasa ndiye anashika hesabu za mradi wa kuku.